Nani Hulipia Wino? Kazi ya Gloria Steinem na Jarida la Ms., Ikisomwa Kutoka Kisumu

Mwanamke yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha kupanga jarida hapa Kisumu anajua mjadala unavyokwenda. Jina hupatikana haraka. Picha ya jalada huleta ubishi mtamu. Makala hazikosekani, maana kila aliyepo ana jambo alilolibeba miaka mingi: shamba lililochukuliwa na mashemeji baada ya matanga, bosi asiyejua mipaka ya mikono yake, mvuvi anayedai zaidi ya pesa kabla ya kumuuzia mama samaki. Kisha mtu anauliza nani atakilipa kiwanda cha chapa, na hapo kila mmoja anamtazama mwenzake.

Swali hilo ndilo ninalolitumia kuielewa kazi ya Gloria Steinem, Mmarekani ambaye pamoja na wenzake alianzisha jarida la Ms. Wengi wanamjua kwa picha: miwani mikubwa, nywele ndefu zilizopasuliwa katikati, kipaza sauti mbele yake. Wanamjua kama msemaji wa maandamano. Lakini kabla ya yote alikuwa mwandishi wa majarida, na sehemu kubwa ya vita vyake ilipiganwa kwenye ofisi za kampuni zinazotangaza bidhaa, mahali ambapo hakuna aliyepeleka kamera. Ukiifuata fedha, mambo mengi yanayoonekana kupingana katika maisha yake huanza kushikana.

Binti wa mwandishi aliyeacha kuandika

Steinem alizaliwa tarehe 25 Machi 1934 mjini Toledo, jimbo la Ohio. Babake, Leo, alikuwa akinunua na kuuza vitu vya kale, mtu wa barabarani aliyehamahama na familia nzima ndani ya gari la kukokotwa. Kwa miaka mingi mtoto hakukaa shule moja mwaka mzima. Mamake, Ruth, aliwahi kuwa mwandishi wa magazeti mjini Toledo, na mwanzoni alilazimika kuandika kwa jina la mwanamume. Aliiacha kazi hiyo, akaugua maradhi ya akili, na wazazi walipoachana mwaka 1944, binti wa miaka kumi ndiye aliyebaki kumuuguza. Baadaye Steinem aliandika juu ya mamake kwa uchungu mkubwa. Alichokiona ni kwamba hakuna daktari aliyejiuliza kama ugonjwa ule ulihusiana na kazi aliyoipenda na kunyimwa.

Alihitimu Chuo cha Smith mwaka 1956, kisha akaenda India, ambako alikaa karibu miaka miwili. Huko alifuatana na wafuasi wa Gandhi kwenye vijiji vya kusini vilivyokuwa vimekumbwa na ghasia za matabaka. Walitembea kwa miguu, wakaketi na wanavijiji kwa duara, wakasikiliza kabla ya kusema. Mtu wa Nyanza hahitaji kuelezwa sana jinsi kikao cha aina hiyo kinavyofanya kazi. Steinem mwenyewe alirudia mara nyingi kwamba alichojifunza pale ndicho alichokitumia maisha yake yote ya uanaharakati.

Sasa linakuja jambo linalowasumbua wasomaji wengi, hasa sisi wa Afrika ambao tuna sababu zetu za kuliogopa jina la CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Aliporudi nyumbani, Steinem aliajiriwa kuongoza shirika dogo lililowapeleka vijana wa Kimarekani kwenye tamasha la kimataifa la vijana mjini Vienna mwaka 1959, na tena Helsinki mwaka 1962. Matamasha hayo yaliungwa mkono na Umoja wa Kisovieti, na shirika lile lilipata fedha kutoka CIA. Habari zilifichuka mwaka 1967. Steinem hakukana. Alieleza kwamba alijua fedha zilikotoka na kwamba hakuona zikimwelekeza cha kusema. Mwaka 1975 kikundi cha wafeministi wenye msimamo mkali, Redstockings, kiliyafufua mambo hayo na kuhoji kama jarida lake lingeweza kuaminiwa.

Mimi simtetei katika hilo. Naliona ni fundisho la kwanza la mada yenyewe: fedha ina mwenyewe, na mwenyewe hujulikana siku moja. Ila kudai kwamba harakati nzima ya wanawake wa Marekani ilikuwa mradi wa kijasusi ni kuwavunjia heshima maelfu ya wanawake waliotoka majumbani mwao kwa machungu yao wenyewe.

Mwandishi mwenye jina bila nafasi

Katika miaka ya 1960 Steinem alikuwa New York akiandika kwa kazi za vipande, analipwa kwa makala. Mwaka 1962 aliandika katika jarida la Esquire kuhusu vidonge vya kuzuia mimba na namna vitakavyobadili maisha ya wanawake. Mwaka 1963 alijifanya msichana anayetafuta kazi, akaajiriwa kama mhudumu katika klabu ya Playboy ya New York, na akaandika aliyoyaona: mshahara uliopungua sana ukilinganishwa na ulioahidiwa, miguu iliyovimba kwa viatu virefu, na uchunguzi wa kimatibabu uliodaiwa kwa wahudumu. Ilikuwa kazi ya upelelezi wa kihabari, na uchunguzi ule wa kimatibabu uliondolewa baadaye.

Malipo yake yalikuwa nini? Wahariri wakaanza kumwona kama yule msichana wa klabu. Kazi nzito za siasa zikampita, akabaki kupewa mada za mitindo na watu mashuhuri. Anayefanya kazi kwenye chumba cha habari chochote nchini mwetu atalitambua jambo hili: mwandishi wa kike huingia kwa makala nzuri, kisha hufungiwa kwenye ukurasa wa urembo na mapishi, na bajeti ya kaunti hupewa mwenzake wa kiume aliyeajiriwa mwaka jana.

Mwaka 1968 mlango ulifunguka kidogo. Jarida la New York lilianzishwa chini ya mhariri Clay Felker, Steinem akiwa miongoni mwa waanzilishi, na humo akapata safu ya siasa. Mapema mwaka 1969, wabunge wa jimbo la New York waliitisha kikao cha kujadili sheria ya utoaji mimba, na wataalamu walioalikwa kutoa maoni walikuwa wanaume 14 na mtawa mmoja. Redstockings wakaitisha kikao chao kanisani, wanawake wakasimama na kusimulia hadharani yaliyowapata. Steinem alihudhuria kama mwandishi. Yeye mwenyewe alikuwa ametoa mimba jijini London akiwa na miaka 22, wala hakuwa amemwambia mtu. Amesema mara nyingi kwamba usiku ule ndio uliomgeuza.

Mwaka huohuo wa 1969, wapigakura wa Kisumu Mjini walimchagua Grace Onyango kuwa mbunge, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la Kenya. Alikuwa ameshakuwa meya wa mji huu. Nalitaja kwa sababu husemwa ovyo, hata na wasomi wetu, kwamba fikra za haki za wanawake zilikuja Kisumu zikiwa zimefungashwa kutoka Marekani. Steinem alipokuwa bado anatafuta lugha ya kulieleza jambo hili, mama mmoja wa hapa alikuwa tayari anajiandaa kwenda bungeni.

Toleo lililoisha kwa siku nane

Kufikia 1971 Steinem alikuwa akizunguka nchi akihutubia, mara nyingi akiwa na Dorothy Pitman Hughes, mwanamke mweusi aliyeendesha kituo cha kulea watoto katika mtaa wa Manhattan. Steinem aliogopa sana kusimama mbele ya watu, na ndiyo sababu alimwomba Hughes waende pamoja. Kila walikofika, wanawake waliuliza watapata wapi maandishi ya mambo haya. Majarida ya wanawake yalikuwepo tele, lakini yalihaririwa karibu yote chini ya wanaume na yalikuwa na kazi moja: kumfundisha msomaji kupika, kujipamba na kumpendeza mume.

Wazo la jarida likazaliwa katika vikao vya nyumbani. Wahariri na waandishi kama Letty Cottin Pogrebin, Joanne Edgar na Mary Peacock walikuwemo, na Patricia Carbine, aliyekuwa na uzoefu mkubwa wa uhariri na biashara, akawa mchapishaji. Fedha za mwanzo hazikuwa nyingi. Katharine Graham, mchapishaji wa Washington Post, alitoa dola 20,000. Felker akakubali kubeba sehemu ya jarida hilo jipya ndani ya toleo la New York la Desemba 1971, kisha kuligharamia toleo kamili la majaribio.

Toleo hilo lilitoka mwanzoni mwa 1972. Jalada lilikuwa na mwanamke wa rangi ya buluu mwenye mikono minane, anayelia, mimba tumboni, ameshika taipureta, pasi, kikaango, simu na usukani. Ndani kulikuwa na makala ya Johnnie Tillmon, mama mweusi aliyetegemea msaada wa serikali, akieleza kwamba umaskini ni suala la wanawake. Kulikuwa pia na tamko lililotiwa sahihi na wanawake 53 mashuhuri waliokiri kutoa mimba, wakati sheria katika sehemu kubwa ya nchi bado ilikataza. Nakala 300,000 zilichapishwa. Waanzilishi waliliandika kuwa toleo la majira ya kuchipua ili liweze kukaa vibandani kwa majuma mengi bila kuonekana kuukuu. Liliisha kwa siku nane. Steinem alipokwenda California kulitangaza, watu walipiga simu kulalamika kwamba halipo popote. Akaingiwa na hofu kwamba halikufika, kumbe lilikuwa limekwisha.

Ila namba ninayoiona kubwa kuliko hiyo ya 300,000 ni nyingine. Ndani ya toleo kulikuwa na kadi za kujiandikisha, na wasomaji wapatao 26,000 walizirudisha wakikubali kulipia jarida ambalo bado halikuwepo. Zikaja na barua zaidi ya 20,000. Wanawake waliandika kurasa kwa kurasa kuhusu ndoa, waajiri, mapadri na mabenki yaliyowanyima mikopo bila sahihi ya mume. Kwa sehemu hii ya barua peke yake, Ms. ilifanya kazi ambayo hakuna gazeti la wakati ule lililoifanya: iliwaonyesha wanawake waliodhani wana shida ya binafsi kwamba jirani naye anayo.

Kampuni ya Warner ikatoa dola milioni moja kwa robo tu ya hisa, na Julai 1972 jarida likaanza kutoka kila mwezi. Harry Reasoner, mtangazaji mashuhuri wa televisheni, alikuwa ametabiri kwamba baada ya matoleo machache litaishiwa na la kusema. Miaka mitano baadaye aliomba radhi hewani.

Rangi ya nywele, sigara na wanawake wa Urusi

Hapa ndipo penye fundo, na naomba msomaji avumilie nilifungue taratibu.

Jarida la rangi lililouzwa vibandani wakati ule lilikuwa na mapato ya aina mbili: bei anayolipa msomaji na fedha za matangazo. Bei ya msomaji iliwekwa chini makusudi, pengine chini ya gharama ya kuichapa na kuisafirisha nakala. Pengo lilizibwa na matangazo. Kwa hiyo mwenye jarida alikuwa na wateja wawili, na yule wa pili ndiye aliyebeba mzigo mzito. Katika majarida ya habari, kampuni ya magari ilinunua ukurasa wake na kuondoka. Katika majarida ya wanawake haikuwa hivyo. Kampuni ya vyakula ilitaka mapishi kando ya tangazo lake. Kampuni ya vipodozi ilitaka makala za kusifu vipodozi. Bila makala hizo, hakuna tangazo. Ndiyo maana majarida ya wanawake yalifanana hivyo dunia nzima. Si kwamba wanawake walikosa hamu ya kusoma siasa. Kurasa zilikuwa zimeshauzwa kabla ya mhariri kuinua kalamu.

Ms. ilikataa mpango huo. Ilitaka matangazo ya vitu ambavyo wanawake hununua kweli, yakiwemo magari, kadi za benki na vyombo vya muziki, na haikutaka kuandika makala za kuyasindikiza. Mwaka 1990 Steinem aliandika insha ndefu akifichua yaliyomkuta kwa miaka 18 ya kwenda kuomba matangazo hayo, na ndiyo maandishi yake ambayo ningependa kila mwanafunzi wa uanahabari pale Maseno ayasome.

Anasimulia kwamba watengenezaji wa magari wa Marekani walichukua miaka kuamini kwamba mwanamke anaweza kununua gari kwa fedha zake. Anasimulia kwamba Ms. ilipochapisha habari fupi kuhusu kikao cha bunge kilichochunguza kama kemikali za kupaka nywele rangi zinaweza kusababisha kansa, Clairol, watengenezaji wa rangi za nywele, walikasirika na matangazo yao yakakauka. Philip Morris walileta tangazo la sigara za Virginia Slims lenye kumwambia mwanamke, kana kwamba ni mtoto, kwamba amefika mbali. Wahariri wakalikataa, wakapoteza na matangazo mengine ya kampuni hiyo. Mwaka 1980 jarida lilipata makala ya kipekee kutoka kwa wafeministi waliofukuzwa Umoja wa Kisovieti, makala iliyoshinda tuzo. Tangazo la kampuni ya vipodozi ya Revlon lililokuwa likisubiriwa halikuja, kwa sababu wanawake wa Urusi waliokuwa jaladani hawakuwa wamejipamba. Procter & Gamble, watengenezaji wa sabuni, nao walikuwa na masharti kwamba bidhaa zao zisiwekwe katika toleo lenye mada kama utoaji mimba au udhibiti wa bunduki.

Nikikumbuka habari hizo nazifikiria saluni za Kondele, ambako dada anakaa saa tatu chini ya mashine ya kukausha nywele akifunua jarida lililochakaa. Ukurasa mmoja unamwambia ajipende alivyo. Ukurasa wa pili unamuuzia mafuta ya kumbadilisha alivyo. Kurasa hizo mbili zina historia, na Steinem ndiye aliyeieleza kwa majina ya kampuni.

Haki inadai niseme na upande wa pili. Ms. haikuwa safi kabisa. Ilichapisha matangazo mengine ya sigara na pombe, na wasomaji waliyalalamikia kwa barua kali. Palikuwepo wafeministi walioona kwamba jarida la rangi linalouzwa sambamba na majarida ya mitindo limeshasalimu amri kwa umbo lake. Betty Friedan, aliyetangulia katika harakati, hakupatana naye hata kidogo. Hata hivyo, ni gazeti gani jingine la kuuzwa madukani lililoweka uso wa mke aliyepigwa kwenye jalada mwaka 1976? Mwaka 1977 jalada lilihusu unyanyasaji wa kingono kazini, na ingawa waliutumia mfano wa vikaragosi badala ya watu, maduka mengine yaliliondoa. Katika miaka ya 1980 jarida lilishiriki katika utafiti mkubwa wa kitaifa, ulioongozwa na mwanasaikolojia Mary Koss, juu ya ubakaji unaofanywa na watu wanaofahamiana vyuoni. Mada hizo leo zina sheria. Wakati ule hazikuwa hata na mahali pa kuandikwa.

Nyuso za jaladani

Msomaji wa Afrika atauliza: na wanawake weusi je? Steinem alizunguka na Hughes, kisha na wakili Florynce Kennedy, kisha na Margaret Sloan, ambaye alikuwa mhariri wa Ms. na mmoja wa waasisi wa shirika la kitaifa la wafeministi weusi mwaka 1973. Alice Walker alikuwa mhariri pia. Mwaka 1975 ndani ya Ms. aliandika jinsi alivyolitafuta kaburi la mwandishi Zora Neale Hurston katika magugu ya Florida, makala iliyosaidia kumrudisha Hurston kwenye rafu za vitabu.

Lakini Walker alipojiuzulu mwaka 1986 alisema wazi kwamba watu wa rangi walikuwa wachache mno kwenye majalada. Mtu anaweza kudhani ni ubaguzi wa wahariri tu. Ulikuwepo uzembe wa wahariri, sawa. Ila turudi kwenye hesabu: jalada ndilo linalouza nakala vibandani, na idadi ya nakala ndiyo inayowekwa mezani mbele ya kampuni zinazotangaza. Jarida linalotegemea mapato hayo huvutwa kila mwezi kuelekea uso ambao soko limeshauzoea. Mwanamke mweusi wa kwanza kuwa mhariri mkuu, Marcia Ann Gillespie, alishika usukani mwaka 1993, wakati matangazo yalikuwa yameshaondoka. Sidhani mambo hayo mawili yalikutana kwa bahati.

Jarida linabadili mikono

Mwaka 1979 Ms. iligeuzwa kuwa chombo cha wakfu usiolenga faida. Hilo liliokoa gharama, lakini sheria ya Marekani inazikataza taasisi za aina hiyo kumpigia debe mgombea, na jarida la kisiasa likajikuta limefungwa ulimi wakati wa uchaguzi. Mwaka 1987 likauzwa kwa kampuni ya Fairfax ya Australia. Baada ya hapo likapita kwa wanawake wawili wa Kiaustralia walionunua kutoka Fairfax, kisha kwa mchapishaji Dale Lang. Mwaka 1990, Robin Morgan akiwa mhariri, likatoka bila tangazo hata moja, kwa bei kubwa zaidi, likitegemea wasomaji peke yao. Insha ya Steinem niliyoitaja ilikuwa katika toleo hilo la kwanza. Mwaka 1998 yeye na wenzake wakaunda kampuni ya wanawake wakalinunua tena, na tangu mwisho wa 2001 liko chini ya wakfu wa Feminist Majority.

Steinem mwenyewe aliendelea kuandika vitabu na kusafiri. Mwaka 1992 alitoa kitabu kuhusu kujithamini ambacho baadhi ya wenzake walikiona kimeiacha siasa, na mimi nakubaliana nao kiasi. Mwaka 2013 Rais Barack Obama, ambaye kwa babake ni wa Kogelo, alimvisha Nishani ya Uhuru ya Rais. Yote hayo ni ya heshima, lakini kwa mtu anayetaka kujua jarida huishije, miaka ile 18 ya kubisha milango ya kampuni ina uzito zaidi.

Asenath Odaga na njia ya Kisumu

Kenya haikukosa majaribio. Miaka ya 1970 jarida la Viva la Nairobi lilizungumzia ndoa za wake wengi na uzazi wa mpango likiwa limebeba matangazo yaleyale ya urembo. Mwaka 1986 Eunice Mathu alianzisha jarida la Parents, linalohusu familia, na kuthibitisha kwamba mwanamke Mkenya anaweza kumiliki jarida likadumu.

Hapa Kisumu, mtu wa kuwekwa kando ya Steinem ni Asenath Bole Odaga. Alizaliwa Rarieda mwaka 1937, akasoma Alliance Girls, akawa mwalimu na kisha mwalimu mkuu wa Nyakach Girls. Hadithi zake za watoto zilianza kutoka mwaka 1966. Alisoma fasihi katika Chuo Kikuu cha Nairobi, akatafiti fasihi simulizi, na mwaka 1982 akafanya jambo ambalo waandishi wachache wa Kenya, wa kike au wa kiume, wamethubutu kulifanya: alianzisha kampuni yake ya uchapishaji, Lake Publishers and Enterprises, mjini Kisumu, pamoja na duka la vitabu. Wachapishaji wakubwa wote walikuwa Nairobi. Yeye akatoa riwaya, hadithi za watoto, vitabu vya Kidholuo na kamusi, na wanawake katika vitabu vyake wana akili na matakwa yao wenyewe. Alifariki mwaka 2014.

Odaga hakuwa na jarida, wala nakala zake hazikukaribia zile za Ms. Alichokuwa nacho ni uamuzi. Steinem alikuwa na sauti iliyofika kila kibanda cha magazeti Marekani, lakini katika jambo hili alikuwa kama mwenyekiti wa chama ambacho mweka hazina anakaa nje na ana haki ya kufuta kikao. Odaga alichapisha kidogo kwa kadiri alivyoweza, na hakuna muuza sabuni aliyemwondolea ukurasa. Nikiulizwa ni njia ipi bora, naegemea kwa Odaga. Lakini najua bei yake: kitabu kilichochapwa Kisumu husafiri kwa taabu hadi Mombasa, na mwandishi anayejichapishia hufanya kazi za watu watano.

Sheria nayo haikurahisisha mambo. Mwaka 2002 Bunge la Kenya lilipandisha dhamana ya mtu anayetaka kuchapisha gazeti kutoka shilingi 10,000 hadi shilingi milioni moja. Mwaka 2013 vitabu vikatozwa ushuru wa VAT wa asilimia 16. Mzigo kama huo humkuta kwanza mdogo, na wadogo wengi katika biashara hii ni wanawake.

Ndiyo maana zile kadi za 1972 hazinitoki akilini. Wale wanawake wa New York hawakuanza kwa kumuuliza mwenye kampuni kama angependa kutangaza kwao. Waliweka toleo moja mkononi mwa msomaji, wakamwuliza yeye kama yuko tayari kulipia yajayo, na 26,000 wakajibu kwa sahihi zao. Makosa ya baadaye yalikuja walipoanza kumtegemea mlipaji wa pili. Kikundi cha Nyalenda au Mamboleo chenye makala kumi nzuri kwenye simu zao kinaweza kuliuliza swali hilohilo kwa namba ya M-Pesa, kabla hakijanunua rimu moja ya karatasi.